Elki na Kiti cha Magurudumu: Jinsi Windo la Montana Linavyopangwa

Elki wa Amerika Kaskazini huishi milimani sehemu kubwa ya mwaka. Dume lake hufika kilo 300 na zaidi, uzito unaompita tandala dume wa kawaida, na pua yake hunasa harufu ya mtu kutoka mbali sana. Mwindaji mwenye miguu mizima humfuata huko huko: huondoka kambini kabla ya alfajiri, hushuka bonde moja na kukwea jingine mpaka amkute. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au anayepumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni, mpango huo haufai. Windo lake hupangwa kinyume: hutafutwa kwanza mahali ambapo elki hupita wenyewe, kisha mwindaji hufikishwa hapo mapema. Vifaa hufuata baadaye. Kiti cha bei kubwa chenye minyororo ya mpira badala ya magurudumu hakimfai kitu mtu aliyewekwa pasipo na mnyama.

Jimbo la Montana, magharibi mwa Marekani, linaonyesha vizuri jinsi msimu, sheria na ardhi vinavyoweza kumsaidia mwindaji wa namna hiyo. Msimu mkuu wa bunduki huanza mwishoni mwa Oktoba na huchukua wiki tano. Theluji ikishaongezeka milimani, makundi hushuka mabondeni kufuata nyasi na alfalfa za mashamba ya mifugo. Katika baadhi ya maeneo kuna pia misimu ya nyongeza, ambayo inaweza kuangukia wakati wowote kati ya 15 Agosti na 15 Februari, na hiyo hulenga zaidi majike kwenye ardhi ya watu binafsi. Septemba ina mvuto wake, kwa kuwa ndipo madume hupiga mbinja msituni yakitafuta majike. Hata hivyo, kwa asiyeweza kukwea, jike anayeshuka shambani wakati wa baridi ni chaguo bora kuliko dume lililo juu ya mlima.

Idara ya wanyamapori ya jimbo hutoa kibali maalumu cha kuwinda kutoka kwenye gari, kwa uthibitisho wa mtaalamu wa afya. Mwenye kibali anaweza kupiga risasi akiwa ndani ya gari lililoegeshwa, ila si kwenye barabara kuu za jimbo au za taifa. Gari hubandikwa alama ya watu wenye ulemavu yenye rangi ya chungwa pande zote. Sheria inamtaka pia awe na mwenzake wa kumsaidia kumpasua mnyama papo hapo, na mwenzake huyo anaruhusiwa kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Kibali hicho hakifungui geti la mtu: ruhusa ya mwenye shamba huombwa peke yake, na inafaa iombwe miezi kadhaa kabla ya msimu.

Kwenye misitu ya taifa hufuatwa ramani zinazoonyesha njia zilizoruhusiwa magari. Maeneo yaliyohifadhiwa chini ya Sheria ya Nyika ya 1964 hayaingiwi na vyombo vya mota. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya 1990 ilithibitisha kwamba kiti cha magurudumu kinaruhusiwa humo, mradi kiwe kimeundwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutembea tu na kinafaa kutumika hata ndani ya jengo. Kiti kipana cha minyororo kinaweza kushindwa kutimiza sharti hilo la pili, na jambo hili liangaliwe kabla ya safari.

Kazi kubwa ni kuchagua maficho. Jioni kadhaa kabla ya windo, wasaidizi huangalia shamba kwa darubini wakiwa mbali: kundi linatokea upande gani, linaruka ua wapi, manyoya yamenasa kwenye waya upi. Maficho huwekwa mita 100 hadi 150 kutoka hapo. Kisha hupimwa upepo. Alfajiri hewa baridi huteremka kufuata bonde. Jua likishapasha miteremko, kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, hewa hugeuka na kupanda. Jioni hushuka tena. Mwindaji mwingine hewa ikigeuka huhama. Huyu hawezi kuhama haraka, kwa hiyo huandaliwa maficho mawili, ya asubuhi na ya jioni, na kila moja husawazishwa chini na kuwekewa mbao ili kiti kisizame kwenye tope.

Kupiga risasi ukiwa kitini kuna mambo yake. Mtu aliyepooza misuli ya tumbo hana kinachomshikilia bunduki inaporudi nyuma, hivyo breki hufungwa na kifua hufungwa mkanda. Kitako cha bunduki hukaa begani, mtutu hulala juu ya mhimili wa miguu mitatu, na kiwiko huegemea mto. Bunduki yenye kishindo cha wastani, kama ya .308 Winchester, inatosha kwa umbali huo. Mazoezi yafanyike kwenye kiti kile kile, kwa koti lile lile la baridi, kwa maana unene wa koti hubadilisha jinsi kitako kinavyokaa begani.

Mwili wenyewe unahitaji ratiba. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi baridi ikimla vidole, wala pakiti ya joto ikimuunguza, kwa hiyo msaidizi hukagua miguu kwa macho. Uzito huondolewa makalioni kila baada ya dakika 15 hadi 30 kuzuia vidonda vya mgandamizo, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni kabla elki hawajatokea. Blanketi lisifunike vazi la rangi ya chungwa, ambalo sheria ya Montana inataka lionekane juu ya kiuno.

Elki aliyepigwa anaweza kukimbia mamia ya mita kabla ya kuanguka. Kwa hiyo kabla ya siku ya windo hukubaliwa mpaka: mnyama aliye ng'ambo ya korongo, au mahali ambapo gari na winchi havifiki, hapigwi hata akisimama wazi.