Usemi wa Mgonjwa katika Mswada

Mwaka 1861 Paul Broca alichapisha habari za Leborgne, mgonjwa wa Bicêtre, Ufaransa, aliyebaki na silabi "tan" karibu peke yake, ilhali bado alifahamu mengi aliyoambiwa. Ubora wa maandishi hayo ni kunakili sauti yenyewe. Mswada unaopelekwa leo kwa jarida la tiba ya usemi, ukihusu msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, hauna budi kufanya vivyo hivyo, kwani tafsiri ya Kifaransa peke yake huficha upatanisho wa ngeli. Tena, kipimo kisiwe Kiswahili sanifu: "kitabu yangu" ni usemi wa kawaida mjini humo. Mtafiti asiyelitambua hilo humbandika mtu mwenye afya ugonjwa asio nao.