Vya Kale Vinaporudi Sokoni

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Moja husema kwamba vya kale ni dhahabu. Nyingine husema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu anayetaka kuwa mhakiki hana budi kuzitia zote mbili katika mizani, maana kila moja yaweza kumpoteza njia. Ashikaye ya kwanza peke yake hukisifu kitu kwa umri wake; ashikaye ya pili hukisifu kwa upya wake; na wote wawili huwa hawajakitazama kitu chenyewe. Katika insha hii nataka tupime jambo moja ambalo ni la kale na jipya kwa pamoja, nalo ni mashine ya michezo ya video iliyozaliwa Japani mwaka 1983 na kuzaliwa mara ya pili mwaka 2016.

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa katika mji wa Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata. Karibu miaka mia moja baadaye, tarehe 15 Julai 1983, ilitoa mashine iliyoitwa Family Computer, kazi ya mafundi walioongozwa na Masayuki Uemura. Bei yake ilikuwa yen 14,800. Wakati ule ule biashara ya michezo ya video katika Marekani ilikuwa imeanguka vibaya. Maduka yalijaa michezo mibovu iliyotengenezwa kwa pupa, wanunuzi wakachoka, na wenye maduka hawakutaka tena kusikia habari zake. Kwa hiyo Nintendo ilipoipeleka mashine yake New York mwaka 1985, iliivika joho jingine. Iliipa jina la Nintendo Entertainment System, au NES kwa kifupi, ikaiunda mfano wa mashine ya kanda za video, na kaseti zikaingizwa kwa mbele chini ya kifuniko. Hila hiyo ilifaulu. Katika maisha yake mashine hii iliuzwa duniani kiasi cha milioni 62.

Je, ilikuwa na nini cha kupendwa? Kwa nguvu ilikuwa maskini. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Mchezo wake mashuhuri, Super Mario Bros. wa mwaka 1985, wote pamoja na picha na muziki wake, uliwekwa katika kilobaiti 40. Picha moja tu inayopigwa kwa simu ya siku hizi hushinda kiasi hicho mara nyingi. Lakini hapa yafaa tukumbuke sanaa yetu wenyewe. Mshairi anayetunga kwa mizani kumi na sita, nane kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho, hawezi kusema kila analotaka. Analazimika kuchagua, na katika kuchagua ndimo ustadi wake huonekana. Waliotunga michezo ya NES walifungwa na sheria kali kama hizo. Katika Super Mario Bros. umbo la wingu lililo angani ndilo umbo la kichaka kilicho ardhini. Rangi tu imebadilishwa. Koji Kondo, aliyetunga muziki wake, alikuwa na njia chache za sauti za kuchezea, naye akatoa nyimbo ambazo mtu akizisikia mara moja hazimtoki kichwani.

Tena tazama jinsi mchezo huo unavyoanza, maana hapo pana somo hata kwa sisi waalimu. Mario amesimama upande wa kushoto wa kioo, uso wake umeelekea kulia, na mbele yake pana uwazi mtupu. Hakuna maandishi yanayomwambia mchezaji la kufanya, lakini papo hapo anajua kwamba njia ni ya kulia. Kitambo kidogo adui mmoja anamjia polepole. Mchezaji asiporuka, atakufa. Lakini amepoteza hatua chache tu, na kosa lake limemfundisha. Akigonga tofali lenye alama ya kuuliza, uyoga unatoka, unateremka, unagonga bomba, na kumrudia yeye mwenyewe. Hivyo hata akiuogopa ni shida kuukwepa, na akiugusa anaona kwamba umemkuza badala ya kumdhuru. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, watungaji wa mchezo huo, wamefundisha kanuni tatu au nne bila kutumia neno hata moja. Huo ni ufundi wa kweli, wala hautegemei umri wa mtazamaji.

Sasa na tuje kwenye uzazi wa pili. Mwezi wa Novemba 1916 ulikuwa umepita miaka mia kamili pale Nintendo, Novemba 2016, ilipotoa mashine ndogo inayotosha kiganjani, yenye sura ile ile ya NES, kwa bei ya karibu dola 60. Ndani yake imetiwa michezo 30, kisha mlango ukafungwa. Kile kifuniko cha mbele ni pambo tu. Hakifunguki, wala hakuna kaseti inayoweza kuingia. Watu waliigombania. Ilikwisha madukani upesi, na walanguzi wakaiuza kwa bei ya kuruka. Mwezi wa Aprili 2017, baada ya kuuza kiasi cha milioni 2.3, kampuni ilisimamisha utengenezaji, kisha ikairudisha tena Juni 2018.

Sifa zake tuziseme kwanza. Picha zake ni safi katika televisheni za kisasa, na uchaguzi wa michezo kwa jumla ni wa busara: The Legend of Zelda imo, Metroid imo, Mega Man 2 imo. Kila mchezo una nafasi nne za kuhifadhi mchezaji alipofikia, hata mtu mwenye kazi nyingi aweza kuendelea kesho. Lakini ila zake nazo si za kufichwa. Waya wa kidhibiti cha mkononi haufiki hata mita moja, kwa hiyo mchezaji hukaa karibu na mashine kama mtu aliyefungwa kamba. Tetris, mmoja wa michezo iliyopendwa sana katika NES, haimo. Na zile nafasi za kuhifadhi, ingawa ni rehema, zimebadili maana ya baadhi ya michezo. Super Mario Bros. una ngazi 32 na mchezaji huanza na maisha matatu. Hofu ya kupoteza yote ilikuwa sehemu ya utunzi. Hofu ikiondolewa, ushindi nao hupungua uzito.

Iliyo kubwa kuliko hizo ni ila ya sisi wanunuzi. Kumbukumbu ni mpishi hodari: huungia sukari hata chakula kilichoungua. Watu wazima wa Marekani na Japani husimulia kwa furaha jinsi walivyopuliza kaseti zilizokataa kufanya kazi. Husahau kwamba kukataa huko kulikuwa kasoro ya mashine ya Marekani, na kwamba mtengenezaji mwenyewe alionya watu wasipulize. Husifu ugumu wa michezo ile, lakini ugumu mwingine haukuwa na hekima yo yote. Ghosts 'n Goblins humlazimisha mchezaji aliyekwisha kufika mwisho aurudie mchezo mzima mara ya pili kabla ya kupewa ushindi wa haki. Kumrefushia mtu njia si kumpa safari nzuri zaidi. Asifuye hayo husifu utoto wake, jambo ambalo si dhambi, lakini si uhakiki.

Kwa sababu hiyo nawaambia ninyi vijana kwamba mna bahati ambayo wakubwa hao hawana. Ninyi hamkuwako mwaka 1985. Hamna kumbukumbu ya kuwahonga. Mkiketi mbele ya mchezo wa kale na kuufurahia, furaha yenu ni ushahidi mzito kuliko machozi ya mzee anayekumbuka sebule ya baba yake. Na mkiuona hauna ladha, semeni hivyo bila haya, mradi mtaje sababu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi iliyo njema kweli hujitetea yenyewe mbele ya mgeni.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Michezo 30 imeokolewa katika kisanduku hicho, lakini NES ilikuwa na mamia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haikuwa ikipatikana tena sokoni kwa njia ya halali. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za Wii U na 3DS, na michezo mingi ya kale iliyokuwa ikiuzwa humo ikaondoka pamoja nalo. Tenzi za kale za Lamu na Pate zimetufikia kwa sababu wanakili hawakuchoka kuzinakili kwa mkono. Sanaa isiyoruhusiwa kunakiliwa, na ambayo mwenyewe huiuza msimu mmoja na kuificha msimu wa pili, haina mlinzi ila faida.

Hukumu yangu basi ni hii. Ile mashine ndogo ya mwaka 2016 ni zawadi nzuri na maktaba mbaya. Imetuonyesha kwamba baadhi ya kazi zilizotungwa katika umaskini wa kilobaiti zingali hai, na hilo latosha kuishukuru. Lakini kisanduku kisichofunguka hakiwezi kuwa ghala ya urithi. Tukitaka vijukuu wetu wazipime kazi hizi kwa macho yao wenyewe, yapasa ziwekwe mahali ambapo mtu hahitaji kungoja msimu wa mauzo ili azione.