Njia ya Mwenye Mzigo

Barabara ya Lushoto huanzia Mombo. Mabasi ya Arusha hupita pale kwa kasi yakishika nchi tambarare, na wewe unakata kulia, unaikabili milima ya Usambara. Kutoka njia panda hadi mjini ni kilomita 33 hivi, na ndani yake unapanda karibu mita 1,000. Gari hutumia kama saa moja ya kona. Baiskeli yenye mzigo hutumia asubuhi nzima, na katika miaka yangu yote ya kukanyaga pedeli sijaona asubuhi tamu kuliko hiyo.

Gawanya mita 1,000 kwa kilomita 33, utapata mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haisaidii, kwa sababu mlima haupandwi kwa wastani. Kuna mahali barabara inalala kando ya mto, unasikia maji yakikusindikiza, unadhani kazi imekwisha. Unazunguka kona moja, lami inasimama mbele yako kama ukuta. Karibu na maporomoko ya Soni kuna kona ambazo magoti yangu yanazikumbuka vizuri kuliko macho. Mwenye kusafiri kwa baiskeli anatakiwa ajue mlima umegawa vipi ugumu wake, naye ajigawe vivyo hivyo. Ukitumia nguvu zako zote Mombo, Soni utafika ukiwa mtu mwingine.

Kwanza, meno. Baiskeli niliyojifunzia ilikuwa Phoenix nyeusi, ya kerieri ya chuma, meno 48 mbele na 20 nyuma, gia moja basi. Ukikanyaga mzunguko mmoja inakupeleka zaidi ya mita 5. Kwa nchi ya tambarare ni baiskeli ya kifalme. Usambara itakushusha chini, utasukuma, wala si aibu. Ninayosafiria sasa ina meno 22 mbele kwenye gia ndogo, na 34 nyuma kwenye gia kubwa. Mzunguko mmoja wa pedeli unanipa mita 1 na theluthi hivi. Watoto wa shule hunipita kwa miguu wakicheka, lakini nakwenda, na pumzi ya kuwasalimia ninayo.

Wapo wanaosema gia nyingi ni za wanyonge. Neno hilo ni la zamani. Mfaransa Paul de Vivie, maarufu kwa jina la Vélocio, aliyezaliwa 1853 na kufa 1930, alipigana nalo karibu maisha yake yote ya kuendesha katika milima ya Saint-Étienne. Waandaaji wa Tour de France hawakuruhusu gia za kuhamisha mnyororo mpaka 1937. Nionavyo mimi, haki ilikuwa kwa Vélocio. Mashindano yanataka kujua nani ana nguvu. Safari inataka ufike ukiwa bado una macho ya kuona shamba la watu na masikio ya kusikia jina la kijiji chao. Yeye ndiye pia aliyewausia wasafiri wale kabla njaa haijawakuta na wanywe kabla ya kiu. Mlima wa Soni umenifundisha usia huo mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekaa kando ya barabara, mikono inatetemeka, nikimsubiri muuza ndizi.

Lakini meno hununuliwa. Kuchagua njia ndiko kusikonunuliwa, na huko ndiko ufundi wenyewe ulipo.

Ukishatoka Lushoto, ukapita msitu wa Magamba wenye ubaridi wake, nchi inafunguka mabonde kwa mabonde kuelekea Lukozi na Mtae. Kila ubavu wa mlima una viraka vya kabichi, viazi, maharage na mahindi, na kila kiraka kina kijia chake chekundu. Hapo unachagua. Nina ramani ya kipimo cha 1:50,000 niliyoikunja mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na simu ninayo. Kwenye ramani, mistari ya kontua ikibanana jua utashuka kwenye kiti. Ikiachana, jua utapata kupumua. Njia nzuri ya baiskeli huambaa na kontua, inakumbatia mlima kiunoni. Njia mbaya inazikata zote kwa mkupuo.

Ramani, hata hivyo, haijui masika ya mwaka huu. Haijui udongo ulioporomoka, wala daraja la magogo lililochukuliwa na maji. Kwa hiyo unauliza, na kuuliza kuna ufundi wake.

Siku moja, mbele kidogo ya Lukozi, nilimuuliza kijana wa bodaboda njia ya kuniepusha na vumbi la malori. Akanionyesha kwa moyo mweupe kabisa. "Hapo tu, kaka. Dakika kumi." Nikashuka bondeni kwa raha, kisha nikaanza kupanda, na kupanda kule kulikuwa kwa mawe yanayoteleza chini ya soli. Nilisukuma zaidi ya saa nzima, kifua kikiwa juu ya usukani. Juu nikamkuta mama mmoja ametua gunia la viazi, anapumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepitia huko na mzigo wote huo?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Hiyo njia ya pikipiki. Sisi wenye mizigo tunazungukia kule, kwenye mikaratusi." Akanyoosha mkono. Ng'ambo ya bonde, nusu ya urefu wa mlima, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu umelala karibu sawa kama kamba ya kuanikia nguo. Mrefu mara mbili, na mtu angeweza kuupita akizungumza.

Tangu siku hiyo nimebadili swali langu. Siulizi tena ni mbali kiasi gani, wala kilomita ngapi. Nauliza: mwenye mzigo anapita wapi? Kijana wa bodaboda hakunidanganya. Injini imemfutia mlima. Kwake mwinuko ni sauti tu inayobadilika. Anayebeba gunia kichwani, au anayesukuma baiskeli iliyofungwa matenga ya kabichi kwa mipira ya tyubu, anaijua kila hatua kwa uzito wake. Vijia vyao vimechaguliwa na vizazi vya shingo na magoti, na sijaona mhandisi aliyeshinda hesabu hiyo.

Hata kufunga mzigo nimejifunza kwao. Kizito kikae chini, karibu na ekseli. Chepesi kikae juu. Kila kitu kivutwe na mpira mpaka ukikitikisa kitikisike na fremu nzima. Mzigo unaocheza utakuangusha kwenye mteremko. Mteremko, nao, usiulegezee mkono kwa kuwa pedeli zimetulia. Kushuka kutoka Magamba niliwahi kuachia breki kwa furaha, nikaingia shimo, spoku mbili zikakatika nyuma upande wa gia.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa ametandika gunia chini ya mti, na juu yake spana tatu, kopo la grisi, na vipande vya tyubu vya kuzibia pancha. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akatoa tairi, akapachika spoku alizozikata mwenyewe kutoka kwenye ringi kuukuu. Kisha akaanza kupiga. Aligonga spoku moja moja kwa kucha, akisikiliza. Iliyolia nzito aliikaza robo mzunguko. Iliyolia nyembamba mno aliilegeza. Akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akazungusha gurudumu, chaki ikagusa upande mmoja tu. Akarudi kwenye spoku za hapo. Mara tano, mara sita. Alipomaliza, ringi ilipita mbele ya chaki bila kuigusa. Nilimpa zaidi ya alichotaja, akarudisha kilichozidi. Gurudumu lile limenibeba misimu miwili bila kuyumba.

Mtae nilifika jioni, mifupa inauma, moyo mweupe. Kijiji kimekaa kwenye ncha ya safu, na ardhi inakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa imelala mbuga ya Mkomazi, kavu na pana. Anga likitakata, Kilimanjaro huonekana. Siku ile mawingu yaliifunika, nami nilikunywa chai ya rangi na andazi nikitazama mahali inapokaa.

Msomaji, ukitaka kuijaribu safari hii, nenda kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yameisha na udongo umekauka. Beba koti, maana Julai huko ni baridi. Ondoka Mombo alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Na ukifika penye njia panda huko juu, waache wenye pikipiki wapite kwa amani, umsubiri anayekuja kwa miguu na mzigo wake. Msalimie kwanza. Kisha umuulize yeye.