Totoro na Mtoto Angojaye

Sinema ya Kijapani ya Tonari no Totoro, yaani Jirani Totoro, iliyotungwa na kuongozwa na Hayao Miyazaki mwaka 1988, imekwisha pata umri wa kuhukumiwa bila haraka. Habari yake ni fupi. Baba, mwalimu wa chuo kikuu, ahamia shamba na binti zake wawili, Satsuki na Mei, wawe karibu na hospitali alimolazwa mama yao. Chini ya mti mkubwa wa kafuri Mei, mwenye miaka minne, amkuta Totoro, dubwana la msituni lenye manyoya, lisilosema lugha ya watu.

Wako wadhanio kuwa Totoro ni maficho tu: mtoto akimbilia ndoto asiyaone maradhi ya mama. Siafiki. Totoro hamponyi mama, wala haahidi kuwa atapona. Usiku wa mvua, watoto wakimngoja baba kituoni, yeye husimama kando yao chini ya mwavuli. Basi. Habari mbaya ifikapo kutoka hospitali, Mei hamwendei Totoro; atwaa hindi bichi akashika njia peke yake kumpelekea mama, akapotea. Hapo ndipo Totoro asaidiapo, naye asaidia kumtafuta aliyepotea, si kumtibu mgonjwa. Mwishowe watoto wawatazama wazazi kutoka juu ya mti, wakaliacha hindi dirishani, wasiingie. Kurudi kwa mama twakuona katika picha zipitazo pamoja na majina ya watengenezaji tu. Miyazaki mwenyewe alikua na mama aliyeugua kifua kikuu cha uti wa mgongo miaka mingi, alijua anachokiacha.

Niliitazama Newala pamoja na watoto wa jamaa zangu. Mmoja, ambaye mama yake alikuwa amelazwa Ndanda, huko chini ya uwanda wa Makonde, hakuuliza kama Totoro yupo kweli. Aliuliza nani awapikiaye watoto hawa. Nikamwonyesha Satsuki akifunga vyakula vya asubuhi. Akaridhika, nasi tukaendelea.

Na sinema zetu je? Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuonyeshwa tangu 2010, ilitwaa jina na rangi za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru; huonyesha jinsi wanyama walivyopata maumbile yao. Ubongo Kids ya Dar es Salaam, tangu 2014, huwafunza watoto kutatua mambo kwa hesabu. Nazipenda zote mbili, lakini katika nilizoziona jibu hufika kabla kipindi hakijaisha, na shida hailali na watu nyumbani. Ajabu, kwani ngano zetu zimejaa yatima na mama wa kambo, na mchongaji wa Kimakonde, atoaye mashetani katika mpingo, hangoji Mjapani amwambie kuwa msitu una wenyewe.

Ningependa kumwona mtoto wa Newala amechorwa barazani kwa bibi yake, basi la kutoka Ndanda limesimama, abiria wameshuka, mama hayumo. Na bibi, badala ya kueleza, amsogezea korosho.