Nukta Mbele ya Mboni

Fundi wa miwani anayeijua kazi yake huvuta kiti akaketi macho yake yakiwa usawa wa macho yako. Hukuvisha fremu uliyochagua, akakwambia umtazame moja kwa moja, kisha kwa kalamu ya wino akatia alama kwenye vioo vya maonyesho. Kwa lenzi za bifokali, zile zenye mstari, hutafuta ukingo wa kope la chini, maana hapo ndipo sehemu ya kusomea inapoanzia. Akipandisha mno mstari, utakukata barabara ukitembea. Akiushusha mno, utasoma umeinua kidevu mpaka shingo iume. Tofauti hizo ni za milimita chache, na ndizo zinazonifanya niiheshimu kazi hii.

Wengi wetu tutaihitaji. Tukifika miaka ya 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho inakuwa imekakamaa, haijikunji tena ipasavyo kwa ajili ya vitu vya karibu. Gazeti husogezwa mbali, likasogezwa tena, hadi mkono ukaisha.

Benjamin Franklin, balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alichoshwa na kubadilisha jozi mbili za miwani safarini. Akaagiza lenzi zikatwe, nusu ya kila aina ikae ndani ya duara moja. Mwaka 1785 alimwandikia rafiki yake George Whatley kwamba sasa mezani aliona chakula chake na pia nyuso za waliozungumza upande wa pili; na kwa kuwa masikio yake hayakuzoea Kifaransa vizuri, nyuso hizo zilimsaidia kuelewa. Sijui sifa bora zaidi ya kifaa chochote.

Mwaka 1959 Mfaransa Bernard Maitenaz alileta sokoni lenzi za Varilux, zisizo na mstari, ambazo nguvu yake huongezeka polepole kadiri jicho linavyoshuka. Ni kazi ya ustadi mkubwa, ingawa pembeni lazima pawe na ukungu. Kwa hiyo nukta ya fundi ikikosea mboni, mvaaji huteseka. Binafsi naona mstari wa zamani bado unamfaa anayesoma siku nzima, kwa upana wa sehemu yake ya kusomea.

Fundi mzuri pia huuliza unafanya kazi gani. Fundi umeme afungaye nyaya darini hutengenezewa lenzi zenye sehemu ya karibu chini na nyingine juu, kwa sababu kazi yake ya karibu iko juu ya kichwa.