Yasmin Hakutoroka Mara Moja: Filamu ya Vuta N'kuvute na Usawiri wa Msichana Anayekua

Muulize mtahiniwa yeyote wa Kidato cha Nne ni mhusika yupi wa kike anayepinga taasubi ya kiume, naye atakupa jibu lililokwisha kuiva: ni yule aliyeondoka. Amemwacha mume au amelihama boma la babake, basi amezinduka, basi ni mkombozi. Mwalimu mwenzangu, jibu hili si baya, ila linaishia mlangoni. Halituambii msichana alikwenda wapi, alimkuta nani huko, na huyo naye alimtakia nini.

Ndiyo sababu nakualika tuitazame filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021 na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka huohuo. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota, riwaya ambayo wenzetu wa Tanzania wameisoma kwa miaka mingi katika Kidato cha Tano na cha Sita. Kwetu Kenya haijazoeleka darasani, na kwa mwanafunzi wa Ruiri, Unguja ya miaka ya 1950 ni mbali. Hata hivyo, mambo anayoambiwa Yasmin na jamaa zake hayahitaji kutafsiriwa huku kwetu.

Kisa ni hiki. Yasmin ni msichana Mhindi wa miaka 15. Ameozwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 52. Hakuna aliyemwuliza. Anaikimbia ndoa, na jamaa zake hawampokei. Anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili anayeishi Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na kuwindwa na polisi wa Mwingereza.

Hebu tusimame kidogo kwenye neno Ng'ambo, kwa kuwa wanafunzi hulipita mbio. Ng'ambo ni upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida. Mkoloni aliuona mji huo kama sehemu mbili, ya mawe kwa Wazungu, Waarabu na Wahindi wenye mali, na ya udongo kwa Waafrika. Kwa hiyo Yasmin anapovuka, kosa lake machoni pa jamaa si moja. Amemwacha mume, na tena amekwenda kulala kwa watu ambao hakupaswa hata kuketi nao. Mtahiniwa anayeandika juu ya jinsia pekee, akausahau ukabila na utabaka, ameiona nusu ya adhabu aliyopewa msichana huyu.

Sasa hesabu walio na mpango juu ya Yasmin. Familia inataka aolewe na kunyamaza. Raza anataka mke wa kumtunza uzeeni. Mpaka hapo tunakubaliana sote kwamba hao ni wadhalimu. Lakini serikali ya kikoloni nayo inamwona kama njia ya kumfikia Denge. Mwajuma, rafiki wa kweli, ana maoni yake kuhusu namna msichana mzuri anavyopaswa kuufaidi ujana katika ulimwengu wa taarab na starehe. Na Denge mwenyewe, shujaa wetu, anampenda, ila mapambano ndiyo yenye nafasi ya kwanza, na Yasmin anatarajiwa kulielewa hilo. Kila mlango anaoupita una mtu anayemngoja akiwa na kazi ya kumpa. Kwa maoni yangu, makuzi ya Yasmin yako hapo: katika kujifunza kuyapima hata matarajio ya wale wanaompenda. Kumtoroka Raza kulihitaji ujasiri. Kumpenda Denge bila kugeuka kuwa kivuli chake kunahitaji kitu kigumu zaidi, na sina hakika kwamba filamu imelifanikisha jambo hilo kila mahali.

Nasema hivyo kwa sababu hii. Riwaya ina nafasi. Inamfuata Yasmin mpaka Mombasa, inamwacha asitesite na kujuta, na inakuonyesha ndoa kwa undani wake wa kuchosha. Filamu ina dakika 92 tu, na imechagua kuziweka kwa Yasmin na Denge. Ikhlas Gafur Vora, anayeigiza Yasmin, husema mengi kwa macho kuliko kwa maneno, na palipo na ukimya kamera haina haraka. Hapo filamu inaishinda riwaya. Lakini mapenzi yanaposhika usukani, mtazamaji huanza kumsubiri Denge (Gudrun Columbus Mwanyika) kuliko kumsubiri Yasmin. Msichana aliyekataa kuwa sehemu ya hadithi ya mzee Raza anaelekea kuwa sehemu ya hadithi ya kijana mwingine, ingawa huyu ni mzuri na ana siasa safi. Mwambie mwanafunzi alijadili hili. Asiogope kuikosoa kazi aliyoipenda.

Linganisha na Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980 iliyotahiniwa hapa kwetu. Naye alifungiwa ndani na baba, Bwana Maksuudi, naye alitoka. Mwandishi amemlaani baba bila kumumunya maneno, lakini msuko unampitisha Maimuna katika danguro na ulevi kabla ya kumpa utulivu. Wasichana wangu wakiisoma hubaki na funzo ambalo nadhani mwandishi hakulikusudia: kwamba nje ya geti kuna Mama Jeni. Shafi hamwadhibu Yasmin kwa namna hiyo. Ng'ambo yake ina taabu, ina polisi, lakini pia ina jirani anayefungua mlango. Na si ndoto tu. Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba akaja mjini Unguja, akawa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Inafaa, basi, kwamba Mwajuma wa filamu ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab katika maisha yake halisi.

Sisi wa Meru tuna mfano wetu wa miaka hiyohiyo, na ni mgumu zaidi. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likishirikiana na maafisa wa kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wengi wakakaidi: wakakatana wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Wengi walishtakiwa na familia zao zikatozwa faini. Ukitumia kipimo chetu cha darasani, hao walipinga mamlaka, tena ya wanaume na ya mkoloni kwa pamoja. Je, utawaita wakombozi? Ukeketaji ni madhara, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeuharamisha. Hata hivyo, wazee waliokataza hawakuwauliza wasichana lolote, kama vile waliotahiri kabla yao hawakuwauliza. Ukaidi peke yake hautuonyeshi kama msichana anajiandikia maisha au anayafuata yaliyoandikwa na bibi zake.

Kwa hiyo ukiitumia filamu hii (itazame kwanza wewe mwenyewe, ni kisa cha mapenzi ya watu wazima), usiwaulize wanafunzi sifa tano za Yasmin. Waulize ni nani asiyemtakia chochote. Darasa litagawanyika, na wapo watakaomtaja Mwajuma. Hapo wape swali la pili, wakalifanyie kazi nyumbani: Mwajuma alimpa mwenzake chumba wakati ukoo mzima umefunga milango. Mbona katika insha zetu huwa anaandikwa kama mhusika msaidizi, na sifa yake ya kwanza kutajwa ni kupenda starehe?