Rangi Njema Husomwa Nyuma ya Tyubu

Jina la mbele ya tyubu ya rangi ni pambo la biashara. Ukweli uko nyuma, kwa herufi ndogo: msimbo wa pigmenti, yaani unga wenyewe unaotia rangi. PB29 ni ultramarini, awe nani aliyeitengeneza. PW6 ni nyeupe ya titaniamu, PR108 ni nyekundu ya kadimiamu. Tyubu isiyo na msimbo iache dukani. Yenye pigmenti moja huchanganyika safi. Yenye tatu au nne huelekea kuwa tope mapema. Ukiona neno Hue, hiyo ni rangi ya kuiga kwa pigmenti nyingine.

Pili, tazama uimara wake kwenye mwanga. Kipimo cha ASTM, shirika la viwango, huanzia I, iliyo imara zaidi. Kwa kazi ya kudumu chukua I au II. PR83, alizarini, ni nyekundu ya kina inayovutia sana, lakini hupauka. Hakikisha mwenyewe: paka mstari kwenye karatasi, funika nusu kwa karatasi ya alumini, ubandike dirishani penye jua miezi kadhaa. Ukifunua ukaona mpaka, rangi hiyo si ya kuuzia mteja.

Tatu, pima nguvu. Paka juu ya mstari wa wino mweusi uone inavyofunika. Kisha tia tone ndani ya nyeupe nyingi: rangi iliyojazwa chaki humezwa papo hapo.

Lakini ubora si usalama. Kadimiamu ni rangi bora, na ni sumu. Nyeupe ya risasi, PW1, vilevile. Alama ya AP huonyesha rangi iliyokaguliwa kuwa haina sumu ya kudhuru, CL huonya. Sumu hupita hasa mdomoni na puani, basi usilainishe ncha ya brashi kwa ulimi, usile penye rangi, wala usipige msasa rangi kavu yenye kadimiamu au risasi.

Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga jijini Dar es Salaam wamejenga sanaa nzima kwa rangi ya enameli ya makopo. Afuataye njia yao achague kopo lililoandikwa halina risasi, na afanyie kazi penye hewa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto ndio huumia zaidi. Mchoraji, soma kabla hujalipa.